Fyuzi Inayolala Kwenye Pochi ya Mpiga Pasi

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, chumba cha kupigia pasi kinaanza kupoa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anatundika shati la mwisho, la mia moja na kumi na nne kwa leo. Anazima swichi ya ukutani, anachomoa plagi. Wenzake wanavaa viatu huku wakimtupia jicho. Wanajua kinachofuata.

Anatoa bisibisi ndogo kwenye mfuko wa aproni, anafungua plagi, anatoa fyuzi, anaifunga kwenye leso na kuitia kwenye pochi. Inakwenda kulala kwake.

"Mfungwa kashakamatwa," anasema mkunja nguo, mama mnene ambaye mdomo wake haujui likizo. "Twendeni, jamani, nina wanangu mie."

Jina lake la utani, Mama Fyuzi, lilizaliwa siku alipougua homa akabaki nyumbani. Mashati sitini yakilala chini, tajiri akaita fundi umeme. Fundi akafungua plagi, akacheka hadi akakaa.

"Hii pasi haina roho," akasema.

Mkunja nguo akapiga simu: "Shoga, roho ya pasi iko wapi?"

"Nimelala nayo," mgonjwa akajibu.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa na hajawahi kuunguza hata kola. Mteja akitaka suti ya harusi, humtafuta yeye. "Wasiwasi wangu ndio unaonilisha," anasema, akicheka. "Lakini ndio unaonila pia."

Mlo huo ulianza zamani. Alipokuwa na miaka sita, chumba walichopanga kiliungua kwa jiko la mafuta ambalo mama yake aliamini amelizima. Hakufa mtu. Ila wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Katika miaka minne iliyofuata, mama na binti walihama vyumba sita.

"Kila tukitoka, tukifika njiani, mama ananirudisha nikaguse jiko," anakumbuka. "'Liko baridi?' 'Liko baridi, mama.' Hatua ishirini mbele: 'Hebu nenda tena.'"

Sasa hapa ndipo penye utamu wa habari hii: mwanamke huyu ana pacha wa kufanana, wa sura na wa damu. "Hata mume wangu, siku za mwanzo, alimsalimia dada yangu kwa mahaba," anasema. "Dada akaitikia!"

Baada ya moto ule, pacha huyo alichukuliwa na shangazi yao, kwa muda tu. Muda ukawa miaka kumi na miwili. Nyumba ya shangazi ilikuwa na watu kumi na watatu, na mlango haukufungwa kwa sababu hakukosekana mtu ndani. Leo anauza mitumba sokoni, na mara nyingi huondoka kufuli likining'inia wazi.

Mbegu moja, mashamba mawili. Mama Fyuzi asingelifikiria sana jambo hilo kama si binti yake wa miaka kumi. Mtoto hufungua begi la shule mara tano kabla ya kutoka, na kila siku ya mtihani tumbo humkata. Daktari alilipima tumbo, akalikuta zima, akawatuma kwa muuguzi mshauri.

"Nilikuwa na swali moja tu," anasema mama. "Nimemrithisha, au nimemfundisha?" Anashusha sauti. "Maana na mimi nilishaanza kumtuma. 'Hebu nenda kaguse jiko, mwanangu.'"

Mkunja nguo, ambaye hakuulizwa, alikuwa na jibu lake: "Mtoto wa nyoka ni nyoka, shoga. Utamfuga tu."

Muuguzi hakukubali kirahisi. "Hakuna jeni moja ya woga," anaeleza. "Ziko nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Maisha nayo yanasukuma. Mtu anaweza kuzaliwa mwepesi wa kushtuka, kisha akakua kwa utulivu. Mwingine kama yeye akapata misukosuko, hofu ikajenga nyumba."

Mama Fyuzi akayapima maneno hayo kwa kipimo anachokijua, binti yake akisikiliza pembeni. "Yaani kama vitambaa. Pamba inavumilia moto, hariri inaungua upesi. Lakini hariri ukiipa moto mdogo, haina doa."

"Mfano mzuri," muuguzi akamjibu, "ila kitambaa hakijifunzi. Mtu anajifunza." Akaongeza kwamba pacha wawili si ushahidi wa dunia nzima, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanachimba.

Na kweli, pacha wa sokoni ana lake la kusimulia. Miaka miwili iliyopita wezi walisafisha kibanda chake. Kwa miezi mitano akawa anarudi kukagua kufuli mara nne kila jioni. "Nikasema, kumbe na mimi ninacho kihofu cha dada! Kilikuwa kimelala tu," anasema. Kilitulia taratibu. Nyumbani kwake hakuna siri. Walimcheka, wakamsindikiza, wakamcheka tena, mpaka siku moja akajikuta amefika mlangoni bila kugeuka.

Mpango wa Mama Fyuzi ni mdogo, umeandikwa kwa kalamu kwenye kadi ya kliniki: kila Ijumaa, fyuzi ibaki kwenye plagi. Na mtoto asitumwe tena kugusa kitu.

"Plagi iliyochomolewa haiwashi pasi, hilo nalijua kuliko fundi," anasema. "Kichwa kinajua. Tumbo ndilo halijaambiwa."

Ijumaa ya kwanza imefika. Binti anamsubiri mlangoni na begi lake. Mama anachomoa plagi, anaiweka juu ya meza, anairudisha bisibisi mfukoni. Chumba kizima kimenyamaza, hata mkunja nguo, jambo ambalo tajiri anasema hajawahi kulishuhudia.

Wanatoka. Kwenye kona ya fundi viatu, mama anasimama. Mkono umeshaingia kwenye pochi, unatafuta kilichozoea kuwemo.

"Mama, nirudi nikaguse?" binti anauliza.

Fundi viatu anaacha nyundo hewani.

"Usirudi. Mama anaogopa, lakini usirudi."

"Unaogopa kiasi gani?"

"Kiasi cha hariri."

Matumaini yake ni kwamba kabla mwaka haujaisha, fyuzi italala kazini wiki nzima, na binti atafanya mtihani mmoja bila kushika tumbo. Hayo ni ya mwishoni mwa mwaka. Kwa jioni hii kuna kona moja tu ya kuvuka.

Mtoto anafikiri, kisha anaushika ule mkono uliokuwa ndani ya pochi.

"Basi twende kwa moto mdogo," anasema.