Kishikwambi Kilichotangazwa Kanisani

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwenye duka la fotokopi pale Njoro, kwa kutazama video wateja wakipungua. Ndiyo maana zahanati moja ya Kibosho iliponipa kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, niliishi kwa hofu ya kugundulika kwamba najua kidogo. Kila fomu niliikagua mara tatu.

Muuguzi wetu anayewatembelea wagonjwa majumbani, mama wa makamo, alikuwa na kishikwambi chenye orodha ya wote wanaotumia ARV. Nilikiwekea neno la siri refu, na kikawa kinajifunga kila baada ya dakika moja.

"Mwanangu," aliniambia mbele ya watu, "hiki kidude kinasinzia kuliko mgonjwa. Nikimaliza kumpima mtu presha, kimelala. Nikikiamsha, kinaniuliza mimi ni nani. Si ulisema wewe ni fundi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaondoa neno la siri kabisa. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, mpaka nimtafutie namba fupi. Ukweli ni kwamba nilitaka aniite fundi bila kucheka.

Kesho yake, Ijumaa, alikisahau kwenye ukingo wa daraja alipokaa kupumzika. Jumamosi tulipita njia nzima tukiangalia hadi chini ya migomba. Hakikuwepo.

Kwetu kitu kikiokotwa hupelekwa kanisani, na mwenyewe huitwa mbele ya wote. Jumapili, ibada ilipokaribia kwisha, mzee wa kanisa alisoma matangazo. Akainua mwavuli, kisha kiatu cha mtoto, kisha kishikwambi chetu.

"Hiki tumekifungua ili tujue ni cha nani. Ni cha zahanati."

Mabenchi mawili mbele yangu alikaa dada mmoja aliyempakata mtoto, pamoja na mama mkwe wake. Dada nilimfahamu kwa sababu taarifa zake niliziingiza mimi. Nyumbani kwake hakuna aliyejua kwamba anatumia dawa. Hakugeuka. Niliona tu mkono wake ukiacha kumpapasa mtoto mgongoni.

Watu walipotoka nikamfuata mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona hamfungi vitu vyenu? Mimi hata simu yangu ya kitochi naifunga, wajukuu wasimalize salio."

"Uliona nini, mzee?"

"Majina. Nilisoma mawili, nikaelewa ni ya wagonjwa, nikakifunika."

Nilimwamini, au nilitaka kumwamini. Ila kioo kile huonyesha majina manane kwa pamoja, na la dada yule ni la tano.

Jumatatu asubuhi nilimweleza mganga mfawidhi yote, hata lile la kutaka kuitwa fundi. Akasema wote wanane lazima waambiwe, na waambiwe ukweli. Nikawa bado nafikiria jinsi ya kumpata yule dada bila kupita nyumbani kwake, nikamwona anaingia. Haikuwa siku yake ya dawa. Alibeba kikapu cha parachichi.

"Alisoma jina langu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na maneno ya kumtuliza. Niliyaacha.

"Anasema alisoma mawili. Lako lilikuwa kwenye ukurasa huohuo, dada. Neno la siri niliondoa mimi. Nisamehe."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Akatazama mlangoni. "Basi niandikie uhamisho. Dawa nitachukulia Moshi mjini."

"Ni mbali, dada. Na ile barabara mvua ikinyesha..."

"Mdogo wangu, mjini napajua. Andika."

Niliandika. Mganga alipotia saini, nilitaka kuikagua tena ile barua, lakini yule dada alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaikunja mara nne, akaisukuma chini kabisa ya parachichi, akatoka kama mtu anayewahi sokoni.