Shingo ya Mshipi

Mume wangu hakuwahi kununua shingo ya mshipi dukani. Kamba ndefu alinunua, ndoana alinunua, na cha kuzamishia alikuwa anaokota nati kuukuu za trekta. Lakini kile kipande cha mwisho, cha urefu wa kiwiko mpaka ncha za vidole, kinachounganisha kamba na ndoana, alikitengeneza kwa mkono wake. Nyumbani kwetu Kwamndolwa tulikiita shingo. Kwa miaka nilidhani wavuvi wote wanakiita hivyo, kumbe ni neno lake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Handeni. Kwetu maji tulichota lamboni, na samaki tuliyemjua ni dagaa wa kwenye gunia, wa siku ya gulio. Nikaolewa na mwanaume ambaye shamba lake la mahindi lilikwenda kuishia kwenye Mto Pangani, ambao wazee wake waliuita Luvu. Alikuwa mkulima kama baba yangu, ila jua likishaanza kupoa jembe lilisimamishwa ukutani na mshipi ukatoka. Sikumwelewa hata kidogo. Niliona mtu mzima anakwenda kukaa juu ya jiwe na kamba mkononi, nami nikajiuliza wazazi wangu wameniozesha kwa nani.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa sabuni. Kambale wa mto ule wanapenda sabuni ya mche kuliko minyoo, na mume wangu alikuwa anakata kipande cha sabuni yangu ya kufulia bila hata kuuliza. Nilikuwa nafua mashuka kwa vibaki visivyotoa povu huku kambale wanakula uzuri wote. Nikaanza kuificha sabuni kwenye pipa la unga, akaipata. Mwisho nikaamua kuifuata sabuni yangu huko huko mtoni, na ndivyo nilivyojua kuvua.

Kitu alichonifundisha kwanza si kutupa ndoana bali kuchagua shingo. Alikuwa nazo za aina tatu, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ya nailoni ilikuwa ya kiangazi, maji yakiwa meupe na samaki anaona kila kitu. Ya nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, zilizosokotwa upya, ilikuwa ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayetafuna kamba mpaka ikakatika. Ya tatu ilikuwa ya katani, kutoka kwenye mikonge iliyoota yenyewe mpakani mwa shamba. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Aliiloweka kwanza, kwa sababu katani kavu na katani mbichi ni vitu viwili, kisha akaipitisha taratibu kati ya midomo yake. Palipokwaruza, alikata hapo na kuanza kusokota upya.

Sharti lake lilikuwa moja, nalo hakulegeza hata siku moja: shingo iwe dhaifu kuliko kamba. Mimi niliona upumbavu. Nikamwuliza kwa nini asiweke kitu imara pale pale samaki anapouma. Akaniambia kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo pabovu pachague mwenyewe kabla mto haujakuchagulia. Samaki akikushinda, au ndoana ikinasa kwenye mzizi, unapoteza shingo na ndoana, unarudi nyumbani na kamba yako yote. Na mwenye kuizungushia kamba mkononi anarudi na mkono wake.

Wazo la kuongeza mpira kwenye mshipi, hata hivyo, alilipata kwangu, ingawa alikufa akikataa. Alikuwa na desturi ya kuacha mishipi miwili imefungwa kwenye kisiki wakati anapalilia, na mara nyingi alikuta shingo zimekatika zote. Nikamwambia kwetu Handeni hatumfungi mbuzi kwenye kisiki. Mbuzi akishtuka akavuta kisikini, ama kamba inakatika ama anajinyonga. Tunamfunga kwenye tawi la mkole linalopinda, avute weee mpaka achoke, tawi linamfuata na linamrudisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama kambale wa kwetu wana pembe. Wiki ile ile nikamkuta anakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akafunga kimoja kati ya kisiki na kamba, na baada ya hapo shingo zikawa zinadumu. Wageni waliposifia, alisema ni jambo alilolifikiria siku nyingi. Mimi nilikuwa naandaa chai tu, nacheka peke yangu.

Lakini mshipi wa kushika hakuuwekea mpira kamwe. Huo alisema ni wa wavivu. Nakumbuka alivyokuwa anaushika, umelala juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, wepesi. Samaki akigusa, mkono ulikwenda naye kidogo, ukasimama, ukarudi, ukaenda tena. Alikuwa anasema, "Mkono wangu ndio mpira wangu." Nilipenda kuutazama mkono ule kuliko nilivyopenda samaki wenyewe, na nasema hivyo bila haya, mimi bibi mwenye wajukuu. Nikikumbuka maisha yangu, saa zile za alasiri ndizo ninazotamani nirudishiwe.

Basi kiharusi kikampiga, na kikachukua upande wa kulia. Mguu ulirudi nusu. Mdomo ulirudi, akawa anaongea vizuri ukimpa nafasi. Mkono haukurudi. Ulilala pajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine, na aliyekuwa anauchua kwa mafuta ya nyonyo kila asubuhi ni mimi. Nilimwuliza kama anasikia vidole vyangu, akatikisa kichwa. Baadaye nikaacha kuuliza.

Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba aliacha kutaja siku zinazokuja. Mtu aliyekuwa anapanga masika ya mwakani kabla ya kuvuna ya mwaka huu, sasa kila alichosema kilikuwa cha zamani. Mishipi yake akaigawa kwa jirani. Watoto walipiga simu kutoka Dar es Salaam wakamwambia atapona, akawashukuru vizuri, akanirudishia simu. Nikaona kwamba mkono usiposikia kitu tena, mume wangu ataondoka akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Nikaenda kwa jirani kuomba mshipi mmoja. Alinipa bila maneno. Shingo za zamani zilikuwa bado kwenye msumari, zimeoza au zimeshika kutu, kwa hiyo ilibidi nitengeneze. Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri sana kwenye kizingiti cha jiko. Nikiweka nailoni nene, samaki akija hatatoka, na mwanaume huyu atampandisha kambale wake. Lakini kambale mkubwa akivuta, mtu wa mguu mmoja na nusu ataingia mtoni pamoja na kiti. Nilitamani kuweka ile nene. Nikasokota katani, nyembamba.

Kisha nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata kipande, nikakifunga kwenye kamba pale ambapo mkono ungeshika. Kama mkono hauwezi kwenda na kurudi wenyewe, basi mpira uende kwa niaba yake.

Kijana wa bodaboda alitupeleka mpaka mwisho wa shamba, polepole, mimi nimekaa nyuma namshikilia mzee katikati. Nilichagua mahali peupe, pasipo matete, kwa sababu ya mamba. Nikamkalisha kwenye kiti nilichokuwa nimekipeleka mapema, nikamvisha ule mpira kwenye vidole vya mkono wa kulia na kuvifunga kidogo kwa kitambaa. Kabla sijatupa ndoana aliiomba shingo. Akaipitisha mdomoni kama zamani. Akasema nimemwekea ya mtoto. Akasema hata perege ataikata. Nikakata sabuni.

Tukakaa kungoja. Alikuwa amenuna, nami nimenuna kwa kuwa yeye amenuna, na nikawaza kwamba nimemleta mgonjwa kuchomwa na jua bure. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Mpira ukanyooka.

Ulinyooka mpaka nikaona weupe wa tyubu, ukamvuta mkono kutoka pajani, mkono ambao haukuwa umeinuka wenyewe tangu augue. Ukarudi. Ukaenda tena. Nilimshika mabega nisijue nifanye nini kingine. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake, si maji. Mara kamba ikalegea yote, na ilipotoka majini haikuwa na ndoana. Shingo ilikuwa imekatika pale pale ilipotakiwa kukatika.

Nikasema, "Pole, baba watoto. Ameondoka."

Hakuonekana kunisikia. Alikuwa bado anatazama mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti.

Akasema, "Mkono umesikia."

Nikapiga magoti nikauchukua mkono ule, nikaubana kwa nguvu, naye akatikisa kichwa, kwamba hapana, mimi hanisikii. Niliona wivu, na mpaka leo nikikumbuka naona wivu, wa kambale. Nikafungua kitambaa, nikakunja kamba. Nikamwambia turudi, jua kali.

Akanitazama kwa lile jicho la zamani, la mtu anayegombea sabuni.

"Kesho," akasema, "weka ile nene."