Uvimbe wa Mama wa Kashebere

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika chirurgie, yaani wodi ya upasuaji, mkuu wa wodi alininyang'anya sinia la dawa akanipa mto. Nilidhani ananitania.

"Huu njo dawa ya kwanza," akasema. "Mugonjwa aukamate kwa kidonda, akohowe. Kesho asubuyi asimame. Ule anabakia kulala, kifua inajaa."

Basi nyinyi vijana mnaodhani mambo hayo yameletwa na semina zenu, poleni. Tuliwatembeza wagonjwa hatua kumi, kesho yake ishirini, na kuwauliza bila haya kama wamejamba, maana ndiyo dalili kwamba matumbo yameamka.

Nilihamishiwa kituo cha afya cha Nyabiondo, kisha nikarudishwa hospitali, safari hii nikiwa mkuu wa wodi mwenyewe. Hapo akaletwa mama mmoja wa Kashebere, akatolewa uvimbe tumboni. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini alikataa kusimama. Katika ukoo wao, kilichotolewa mwilini huzikwa nyumbani kabla mwenyewe hajakanyaga chini. Mumewe alikuja kuuomba uvimbe. Mimi nilikwisha kuuchoma pamoja na taka, kama kanuni ilivyotaka.

Siku ya tatu kifua kilikoroma, pumzi ikawa fupi.

"Ile uvimbe iko pale kwa mulango," mama aliniambia kwa utulivu. "Nikisimama kama haiyazikwa bado, itanibeba."

Niliogopa kwamba atakufa. Niliogopa pia kugeuka kuutazama ule mlango.

Nikaenda kwa mchinjaji, nikanunua kipande cha nyama ya mbuzi, nikakifunga kwa jani la mgomba na kumkabidhi mumewe, nikimwambia ndio ule uvimbe. Alipopiga simu kwamba amezika, mama alishusha miguu, akakumbatia mto, akatembea mpaka dirishani. Baada ya wiki alirudi kwao.

Nilipostaafu nilipita Kashebere. Mama alinipokea kwa furaha, mzima kabisa, akanipeleka nyuma ya nyumba. Mbuzi wa kijiji walikuwa wamezunguka tuta dogo la udongo. Hawakula, hawakulia.

"Tangu tulizika, kila siku ziko zinakuya pale," alisema. "Papa, mulitupatia yangu kweli?"

Nilimtazama alivyosimama wima kwa miguu yake, nikajibu ndiyo. Akanishukuru. Ningedanganya tena, vijana, sitawaficha. Lakini nilipopanda pikipiki niligeuka kumpungia mkono, nikaona mbuzi wote wameupa udongo mgongo, wananitazama mimi.