Kabureta ya Watu Watano

Mdomo wa fundi Dzombo ungefungwa chini ya boneti, gari lisingehitaji petroli. Gereji yake iko nyuma ya Kona ya Musa, na mteja huondoka hapo na vitu viwili: gari lake na aibu yake. Hata hivyo Mbwana alimpelekea yeye lile gari lake la zamani, DX, kwani mafundi wengine walishamwambia aliuze kwa wanunuzi wa vyuma.

Injini ya kwanza ilikuwa imekufa kifo cha heshima, bila kelele, pale Mwabungo. Mbwana akatafuta nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotolewa kwenye pikapu, na Dzombo akaifunga ikakaa. Kilichobaki ni kuchagua kabureta, kile chombo cha kuipa injini petroli na hewa. Zilikuwa mbili, zimelazwa juu ya meza kama samaki wa kuchagua. Moja ndogo, iliyokuja na injini yenyewe. Ya pili kubwa, ya Kitaliano, ina makoo mawili mapana: ukikanyaga sana, koo la pili hufunguka na gari likapata pumzi.

"Ami, kabla sijatia yoyote, nambie," Dzombo akauliza. "Gari hubeba watu wangapi?"

"Watano," Mbwana akajibu.

Jibu lilitoka lenyewe. Tena lilikuwa la kweli, ila lilikuwa la kweli zamani. Dada yake alipofariki aliacha watoto wanne, na Mbwana, ambaye hakuwahi kuoa, akawa mjomba, baba na dereva. Kila asubuhi aliwapakia kuwapeleka skuli kule kwao Msambweni, wakipigania dirisha. Sasa Swabir yuko Doha, Twaiba ameolewa Lamu, Hadiya na Kibibi wako Nairobi na hupiga simu wakikumbuka. Nyumba ina vyumba vitatu. Mbwana hutumia kimoja na kona ya cha pili.

Angeweza kusema, la, nimekosea, niko peke yangu. Maneno hayo hayana uzito wowote, hadi uyaseme mbele ya Dzombo, na kwenye benchi kuna wateja wanaosubiri cha kucheka.

"Watano, mashallah! Na milima mnapanda?"

"Twapanda mpaka Kwale," Mbwana akasema, kwa kuwa uongo ukishakaribishwa ndani huagiza na chai.

"Basi ni hii kubwa. Lakini jeti zake, hivi vitundu vya kupitishia petroli, sivichagui kwa kukisia. Nitakutilia vya kuazima ufike nyumbani. Jumamosi niletee watu wako wote. Waketi humu, tupande Golini, nilisikilize gari likiwa na mzigo wake."

Mbwana akarudi Msambweni na gari linalokohoa, akitafuta watu wanne. Jirani yake Biasha alikuwa na shughuli ya harusi. Msikitini aliwatazama watu wakivaa viatu, akafungua mdomo, akaufunga. Utamwambia nini mwenzako? Njoo uketi ndani ya gari langu uwe mzito?

Jumamosi akafika gereji. Dzombo akafungua mlango wa nyuma na kukuta magunia matatu ya mchanga, yamekaa wima yamebanana. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na la nne, limefungwa mkanda.

"Ami! Familia yako imenyamaza hivi, mmeteta njiani?"

Benchi likaangua kicheko. Dzombo akapata moto. "Na huyu wa dirishani hata haamkii watu! Anaitwa nani?"

"Hapo hukaa Kibibi," Mbwana akasema.

Hakukusudia. Ulimi wake ulikuwa umezoea gari lile kuliko alivyozoea yeye. Kicheko kikakatika kwenye benchi. Dzombo alikuwa na utani mwingine tayari, mdomo ulishajifunga kibwebwe, lakini akaumeza. Akalitoa gunia la mbele, akaketi mwenyewe.

"Twende, ami."

Mtu alikuwa hajakaa kiti kile siku nyingi. Mbwana akaendesha taratibu, akimsimulia Dzombo siku Swabir alipotapika garini, siku Twaiba alipotupa viatu vya skuli nje ili asiende. Alikuwa na mengi, na barabara ilikuwa fupi, kwa hivyo akapunguza mwendo.

"Ami, kanyaga! Ukienda hivi koo la pili halifunguki. Nimekuja kupima kabureta, si kuhesabu minazi!"

Mlimani Golini akakanyaga. Gari likavuta pumzi ambayo Mbwana hakuwahi kuisikia, likapanda na mchanga wake wote kama lililoitwa jina. Dzombo akacheka peke yake kwa raha ya kazi. Walipofika Kwale mjini Mbwana akazima gari; Dzombo akangoja injini ipoe, akafungua plagi zile za kutoa cheche na kuzigeuza kwenye mwanga.

"Kwa mzigo huu, hii ndiyo kabureta yake," akasema, macho yakiwa kwenye plagi. "Lakini kwa mtu mmoja, wa sokoni na msikitini, itamwaga petroli bure. Plagi zitajaa masizi na kila wiki utakuwa kwangu." Akafuta mikono polepole. "Nakuuliza tena, ami. Hubeba watu wangapi?"

Kila wiki kwa Dzombo. Mbwana akaligeuza neno hilo kichwani, na hakuliona baya. Benchi lile lina nafasi. Watu hukaa pale wakachekwa, lakini hukaa. Ila uongo, mbele ya mtu aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, haukuwa tena na pa kukaa.

"Mmoja," akasema.

Waliporudi gereji Dzombo akaifungua ile kubwa, akafunga ile ndogo. Magunia wakayamwaga penye oili iliyotapakaa sakafuni, na mchanga ukainywa.

"Ukipita huku, ami, usingoje gari liharibike."

"Inshallah," Mbwana akajibu, jinsi watu wanavyoujibu mwaliko wa harusi ya mbali.

Akashika njia ya Msambweni. Kabureta ndogo ilifanya kazi vizuri mno. Gari halikukohoa hata mara moja, halikusita, halikulalamika, na hakukuwa na la kumrudisha kwa mtu yeyote. Karibu na Mwabungo akatupa jicho kwenye kioo cha ndani. Hakuna kichwa kilichokiziba. Barabara yote ya nyuma ilionekana, hadi mwisho.