Mota Inayokubali Kushikwa na Mtoto

Saa moja na nusu asubuhi, Zephaniah Mwandawiro ameibandika mota ndogo juu ya mdomo wake, chini tu ya pua, na amefumba macho. Ukimwona kwa mbali utadhani anavuta ugoro. Ugoro wapi. Anapima joto.

"Kidole changu kilishakufa," anasema bila kufumbua macho. "Miaka ishirini ya kulehemu si mchezo. Kidole hakisikii kitu. Mdomo bado unasikia."

Anahesabu polepole hadi sitini, anaitoa, anaitazama kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini, kisha anairudisha mdomoni na kuanza tena moja.

Kibanda chake kiko kwenye baraza ya duka la nafaka, hatua chache kutoka soko la Voi. Mzee huyu wa miaka hamsini na minne alishuka kutoka Mgange akiwa kijana, na tangu mwaka 1961 anatengeneza redio. Siku njema hupata shilingi arobaini. Jumatano hii ya mwaka 1981 hatapata hata tano, maana redio tisa zimepangwa ukutani zikingoja na hajagusa moja.

Mezani kuna mota nne. Kando yake kuna kichwa cha treni ya kuchezea, cha vitofali vyekundu vya plastiki vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine, na tumbo lake limeungua likawa jeusi. Kufikia Ijumaa asubuhi Zephaniah lazima awe amechagua mota moja ya kukiendesha. Anaogopa, na hajisumbui kuficha.

"Mtu akiniambia nipande mlingoti wa umeme sasa hivi, napanda," anasema. "Hii hapa inanitoa jasho."

Treni hiyo ni mali ya ukumbi mmoja wa kanisa nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Ndara. Kila Ijumaa watoto waliopatwa na polio hukusanyika huko kufanyishwa mazoezi na Alice Katuku, mama wa makamo mwenye sauti nzito na subira ya ajabu. Mgeni mmoja aliyepita mwaka jana aliiacha treni hiyo pamoja na reli zake za plastiki. Katuku akaona njia ya kuitumia.

Alizitandaza reli sakafuni zikawa mstari mmoja ulionyooka, hatua kumi hivi, kutoka katikati ya ukumbi hadi ukutani. Mchezo ni mwepesi: treni inaachiliwa, mtoto anaifuata, anainama na kuikamata kwa mikono kabla haijagonga ukuta. Watoto waliokataa kuinua mguu kwa kubembelezwa, kwa peremende na hata kwa fimbo, wakaanza kuinua mguu kwa ajili ya treni.

Mmoja wao ni Mkawasi, msichana wa miaka sita mwenye chuma mguu wa kushoto na magongo mawili. Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa anatambaa. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anakwenda hatua sita bila kushikwa.

Taabu ikaja kwa njia ya betri. Treni ilikuwa inatumia mawe matatu ya redio, na kwa vile watoto walikuwa wanaishika kutwa, mawe hayakuwa yanamaliza Ijumaa mbili. Katuku akamwendea Zephaniah, na Zephaniah akafanya wanavyofanya mafundi wote wa huku, ambako nyumba nyingi redio inaimba kwa betri ya gari. Alileta betri kuukuu ya lori.

Betri za namna hiyo zina vyumba sita, kila chumba kina volti mbili, na vipande vya risasi vinavyoviunganisha vimejitokeza juu. Fundi asiyetaka volti zote kumi na mbili hupigilia msumari kwenye kipande anachotaka, akachota kiasi chake. Zephaniah alipigilia wake baada ya chumba cha pili kutoka kulia. Nyaya mbili ndefu zikaifuata treni: mmoja kwenye ncha ya kulia, mwingine kwenye msumari, basi, volti nne. Treni ikaenda vizuri miezi mitatu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, Mutiso, kijana wa gereji anayechaji betri, aliileta kwa mkokoteni akaiweka mahali pake pa kila siku. Ila aliiweka imegeuka. Zephaniah akaingia, akashika waya na kuubana kwenye ncha ya kulia kama alivyozoea. Sasa kati ya ncha hiyo na msumari kulikuwa na vyumba vinne. Volti nne zikawa nane.

"Mutiso hana kosa," anasema. "Betri ni betri, ataiwekaje? Mwenye macho ni mimi."

Treni iliondoka kinyumenyume, tena mbio. Watoto wakaangua kicheko. Na hapa ndipo mzee huyu anapoiweka mota mezani, kwa sababu treni kurudi nyuma ilikuwa ni kumwambia waziwazi kwamba umeme umeingia kwa njia isiyo yake. Hata mtu aliyeanza kazi jana anajua hilo.

"Nilijua," anasema. "Nikajiambia nitaigeuza baadaye, wacha wacheke kwanza. Walikuwa wanacheka vizuri sana."

Wakaigeuza kichwa treni iende ukutani, mchezo ukaendelea. Mkawasi akaifuata, akainama, akaikamata kwa viganja viwili, akaishikilia kwa nguvu kama alivyofundishwa. Magurudumu yakasimama lakini umeme haukusimama. Mota ikawa inajipika ndani. Harufu ya waya ulioungua ikatoka kwanza, moshi ukafuata, na plastiki ikalainika na kugandia kiganja cha mtoto.

Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona kwa wiki mbili. Lakini tangu siku hiyo Mkawasi haingii ukumbini ila kwa kubebwa. Cherehani ya jirani ikilia analia. Na amerudi kutambaa.

"Mguu ule haungoji mtu," anasema Katuku. "Akikaa mwezi mwingine bila kusimama, tutaanza upya, na sikuahidi kwamba tutafika tena pale tulipokuwa."

Zephaniah alimsihi atafute fundi mwingine. Alikwenda hadi nyumbani kwake kumwambia hivyo, kofia mkononi.

"Fundi mwingine ataifanya iende, mzee," Katuku alimjibu. "Kuenda tu sikutaki. Namtaka mtu anayeiogopa."

Ndipo Zephaniah akazipanga mota nne mezani. Ya kwanza aliitoa kwenye waipa za lori. Hiyo ina nguvu za kupindukia. Hata ukiipa umeme kidogo inavuta. Zephaniah aliiwekea kidole chake kwenye gia, ikambana kucha ikawa ya bluu. "Hii itamburura mtoto hadi Mombasa," anasema, akaisukuma pembeni.

Ya pili ni ya gari la kuchezea. Ni nyepesi, ina mbio za wazimu, lakini haina subira. Ukishika gurudumu lake, kabla hujafika ishirini mdomo umeshaungua. Hiyo hakuitupa pembeni tu, aliifungia ndani ya mkebe, kana kwamba itatoroka.

Ya tatu ilitoka kwenye gramafoni ya mawe. Hiyo ni mota ya heshima, inazunguka taratibu na haipati joto. Lakini ni pana kama mkebe wa maziwa, haiingii ndani ya treni, na ukiiweka juu kichwa chote kinapinduka. Aliisikitikia hiyo. Siku nzima ya Jumanne alijaribu kuitafutia nafasi.

Ya nne, ile iliyo mdomoni mwake asubuhi hii, ni ya tepu, inayozungusha kaseti. Ni ndogo kiasi cha kukaa ndani ya vile vitofali, na haizungushi kwa gia, inazungusha kwa mpira mwembamba. Ukilishika gurudumu, mpira unateleza tu. Mota inaendelea kuzunguka zake ndani, na joto halipandi.

"Watu wakija hapa wananiuliza mota ipi ina nguvu," anasema. "Mimi natafuta inayokubali kushikwa. Mtoto akisema simama, isimame, isimkasirikie."

Ataiwekea mawe matatu ya redio ndani ya behewa la nyuma, volti nne na nusu. Betri ya gari haitavuka tena mlango wa ukumbi ule. Mawe yakiisha kila wiki, na yaishe.

Ungedhani hapo ameridhika. Thubutu. Mpira huo ukikatika je? Ukiyeyuka? Ukinasa ukucha wa mtoto? Amelishika gurudumu hilo kwa mkono wake mwenyewe saa mbili mfululizo, wateja wanasalimia na kuondoka. Mkewe Jedidah aliyemletea uji amesimama hapo muda mrefu akimtazama.

"Baba Wakesho," anamwambia, "uji umepoa, na mota imepoa. Kitu chenye moto hapa ni wewe."

"Hata ile iliyomuunguza niliipima," Zephaniah anajibu. Jedidah anaweka uji chini. Anaketi kando yake na kuushika mkono mmoja, ule usio na kazi.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, watoto sita wako ukumbini. Watano wamekaa karibu na reli. Wa sita, Mkawasi, amejibandika ukutani upande wa pili, ubavuni mwa mamake, magongo yamelala sakafuni.

Zephaniah anaunganisha waya. Treni inaanza kwenda mbele, polepole, kwa mlio mdogo wa kukoroma. Mkawasi anaziba masikio. Mzee anapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, na kuweka kiganja mbele ya treni. Treni inafika, inasukuma kidogo, inasimama. Anaishikilia. Mota inaendelea kukoroma ndani, na watoto wanaisikia. Hakuna anayecheka.

Anahesabu mia moja. Mia mbili.

"Inanuka?" Sauti hiyo inatoka ukutani.

Zephaniah anainama, ananusa. "Hainuki."

"Nusa tena."

Ananusa tena. "Hainuki, mjukuu wangu."

Mkawasi ameondoa mikono masikioni, lakini uso wake haujalegea. "Unaweza kunidanganya."

Mzee haondoi kiganja. "Naweza," anasema. "Siku ile niliiona inarudi nyuma, nikajua si sawa, nikanyamaza. Kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana naogopa leo."

Mama yake Mkawasi anatazama sakafu. Mtoto ananyoosha mkono na kuvuta gongo moja, halafu la pili. Anajiinua akiegemea ukuta. Anaondoka.

Anakwenda huku ameikazia macho treni, kama mtu anayemwendea mbwa asiyemjua. Hatua moja, anasimama. Mbili. Mama anataka kunyanyuka, Katuku anamshika bega. Nne. Sita. Anafika alipo Zephaniah, anajishusha kwa kushikilia gongo, analeta pua karibu kabisa na vile vitofali vyekundu na kunusa mwenyewe. Anazunguka upande wa pili, ananusa na huko. Haigusi. Anainuka, anageuka na kurudi ukutani kwake bila kumwambia mtu neno.

Hatua tisa kwenda. Tisa kurudi. Katuku amezihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake, na sasa amegeukia dirishani, anajifuta uso kwa leso.

Zephaniah anaizima treni ndipo anapoondoa mkono. Anaulizwa kama leo atalala vizuri. Anatikisa kichwa, hapana. Bado ana wasiwasi na ule mpira, na keshokutwa atautafutia mwingine mpya.

"Sijamwambia aishike, wala sitamwambia," anasema akiipakia treni katika boksi la viatu. "Ijumaa ijayo nitaiweka mbali zaidi, hatua mbili. Aje aikague."