Mstari wa Majivu

Siku ya kwanza nilipoushika udongo kama kazi nilikuwa darasa la tano, katika shule moja ya msingi hapa Njombe mjini, kata ya Ramadhani. Mwalimu wa Stadi za Kazi alitutangazia kwamba mwaka ule hatutasuka mikeka ya karatasi. "Mtafinyanga," alisema. "Mwenye kucha ndefu azikate leo." Kisha akamkaribisha mwanamke mzee aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani. Ndiye Bibi Sekela, mfinyanzi aliyeolewa huku kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwao kazi hiyo ni ya wanawake.

"Kamwene," alitusalimia kwa Kibena cha kujifunza ukubwani. Tuliitikia huku tunacheka.

Nilipenda kazi ile tangu siku hiyo kwa sababu haikunidai maneno. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani nikiitwa kusoma, sauti inakwama. Lakini kwenye udongo mtu anaweza kukaa kimya tangu asubuhi na hakuna anayemuuliza ana nini. Wavulana wenzangu walichoka mapema wakarudi kwenye mpira, wakaanza kuniita Mama Chungu. "Mama Chungu, leo umepika nini?" walisema nikipita.

Kwa kuwa siku hizi wengi hawajui chungu kinatoka wapi, nieleze. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa bondeni, ule unaonata. Huanikwa, hupondwa, hutolewa vijiwe, kisha hukandwa kwa kisigino. Ndani yake huchanganywa unga wa vigae, yaani vyungu vilivyovunjika vikasagwa, ili chungu kipya kisipasuke. Bibi hakuwa na gurudumu. Alikalisha donge juu ya kigae kipana, akakizungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiinua ukuta wa chungu. Alilainisha kwa gunzi la mahindi, na chungu kikianza kukauka alikisugua kwa jiwe la mtoni mpaka king'ae. Miezi ya baridi, umande unapoganda kwenye majani, vyungu vibichi tulivilaza jikoni kwa wapishi wa shule. Maji yakiganda ndani ya udongo, asubuhi unakuta vipande.

Tulifinyanga ramani ya mkoa yenye milima na mabonde ya kuguswa kwa vidole, tukafinyanga vyungu vya kuchujia maji kwa mchanga na mkaa. Mwalimu alivipanga dirishani, akawaita walimu wenzake waje kuona. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa wakati mzuri kuliko wote katika kazi ile.

Siku ya kuchoma ilikuwa na desturi yake. Bibi alichukua majivu kwenye kopo, akachora mstari ardhini nyuma ya jiko la shule.

"Wanaume mnaishia hapa," alisema.

"Hata mimi, Bibi?" Mwalimu aliuliza.

"Wewe si mwanaume?"

Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi alitueleza kwamba katika ukoo wake mwanaume anaweza kuchimba udongo na kuubeba, na kwa kuwa ni shule anaweza hata kufinyanga. Lakini moto hapaswi kuusogelea. Mwanaume akiuingilia, moto unamkimbia mwanamke mwenye moto huo, naye hauwashi tena maisha yake yote. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekwambia mto una kina. Chungu changu kikabebwa na msichana wa darasa letu, nami nikabaki ng'ambo ya majivu nikiangalia moshi. Miaka yote niliyojifunza kwake ilikuwa hivyo.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Mwalimu alinisikitikia, akampigia simu mtu aliyemfahamu Makambako, mwenye karakana ya majiko ya mkaa ya udongo. Huyo tulimwita Fundi Mkuu, mzee Mwislamu aliyehamia kutoka Tabora.

"Umefundishwa na nani, bwana mdogo?"

"Na Bibi Sekela wa Njombe."

"Vyungu vyake nimeviona. Tanuru unalijua?"

"Hapana. Moto sijafundishwa."

Fundi Mkuu aligeukia mafundi wengine. "Jamani, tumeletewa mpishi asiyejua kuwasha jiko!" Walicheka, lakini alinipa kazi, na mkono wangu akausifia.

Shida ya Makambako ni upepo. Karakana ilikuwa kwenye uwanda mtupu, nyuma ya gereji za malori, na upepo ulipiga tanuru letu upande mmoja. Majiko ya upande ule yalipasuka, ya upande wa pili yakatoka mabichi. Tulijaribu kuchomea mabanzi ya misonobari, tukajaribu magome ya mikaratusi, hali ni ileile. Wateja walianza kuyarudisha. Mwishowe Fundi Mkuu aliniita pembeni.

"Elia, nikiendelea hivi nitaacha udongo nigeukie majiko ya bati. Na wewe bati hujui. Nenda kamwombe bibi yako aje. Tukipata uchomaji mmoja mzuri, tutajua pa kushika."

Nilikwenda Njombe nikiwa na hofu. Bibi alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nikufundishe moto?"

"Nataka uje tu, Bibi. Kazi itaniponyoka."

Aliingia ndani, akatoka na kopo lake la majivu. "Twende, baba. Lakini mstari ni uleule."

Mafundi walipoambiwa watoke waliona kichekesho. "Yaani mimi nifukuzwe kwenye tanuru langu?" alisema Fundi Mkuu, lakini alitoka wa kwanza, nasi tukamfuata mpaka upande wa malori. Bibi alisaidiwa na Mama Lishe aliyetuuzia chakula, pamoja na binti yake. Tangu asubuhi tuliona moshi mwembamba tu. Hiyo ndiyo hatua ya kupasha, ambapo majiko hupewa joto taratibu kabla ya moto wenyewe. Aliianza kwa majani gani, aliyalaza vipi, alijuaje kwamba imetosha, sikuona.

Alasiri moto mkubwa ulipowaka, nilisogea mpaka kwenye mstari. Bibi alikuwa anawaelekeza wanawake wasimamishe mabati kukinga upepo. Ghafla upepo ukageuka. Ulimpokonya binti bati, na ndimi za moto zikalala kuelekea aliposimama Bibi. Fimbo ilimtoka, akaanguka kwa magoti, upindo wa kitenge chake ukaanza kutoa moshi.

Niliruka mstari. Nilimvuta, nikazima kitenge kwa mikono, kisha nikaokota lile bati nikalishikilia kando ya Mama Lishe, aliyekuwa analia kwamba lake linamshinda. Nililishika mpaka moto ukatulia.

Majiko yalitoka mazima, yana rangi moja pande zote. Fundi Mkuu aliyagonga kwa kijiti akisikiliza mlio, akasema, "Alhamdulillahi." Mafundi walinipigapiga mgongoni. Bibi alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anafungwa kitambaa mguuni.

"Nisamehe, Bibi," nilimwambia.

"Ungeniacha niungue? Umefanya vizuri, mjukuu wangu." Aliyageukia makaa yaliyobaki kwenye tanuru. "Lakini moto umeshaondoka. Mimi sina tena."

Baada ya siku ile nilijaribu kuchoma mara nyingi. Nilijua namna ya kukinga upepo, nikakosa namna ya kuanza, na majiko yalipasuka mapema kuliko zamani. Nilimpigia Bibi simu kumwuliza. Alijibu kwa upole kwamba hawezi kusema juu ya kitu ambacho si chake tena. Fundi Mkuu alivumilia msimu mzima, kisha akaleta mikasi ya kukatia bati. Hakunifukuza. Nilipoona donge la mwisho limekauka kwenye pipa, niliaga mwenyewe.

Sasa hivi najaza udongo kwenye viriba vya miche ya parachichi katika kitalu kimoja nje ya mji wa Njombe. Ni udongo mweusi, haunati, ukiufumbata mkononi unamwagika. Vijana ninaofanya nao kazi hawajui kwamba niliwahi kuwa na ufundi mwingine, nami sijawaambia. Ningewashauri nini? Mwenye kujifunza kazi ajifunze yote? Mimi nilitaka yote. Ile sehemu niliyopewa niliifanya kwa moyo wangu wote.

Jumapili baada ya ibada huwa napita kwa Bibi. Mguu ulipona. Hajachoma tena hata chungu cha maua, na mikono yake hukaa mapajani kama ya mgeni. Jumapili iliyopita alinipakulia viazi kutoka kwenye sufuria ya alumini. Nilimwuliza tena, polepole, yale majani ya kwanza yalikuwa ya mti gani.

"Kula, baba," aliniambia. "Viazi vinapoa."