Roboti Aliyemfuata Bi Mwanakombo

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Nilikuwa msichana, sijaolewa, nasomea ufundi pamoja na rafiki yangu Zuhura. Dada yake alikuwa anaolewa, nasi tukaahidi kwamba sinia la halua halitabebwa na mtu. Litapelekwa na roboti tuliyemuunda wenyewe. Tungeweka taa ya kijani miguuni pa biharusi, kamera iione taa, magurudumu yaifuate. Nyumbani Malindi, katika chumba chenye giza, hakukosea hata mara moja.

Lakini ukumbi wa harusi kule Amani ulikuwa unawaka taa kila pembe, na wanawake wamevaa, usiseme. Roboti akaanza vizuri, akasita, kisha akakata kona akamfuata Bi Mwanakombo, shangazi yake Zuhura, aliyevaa gauni la kijani la kumetameta. Shangazi akienda kulia, naye kulia. Akisimama, naye husimama. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Mimi nnakwenda msalani," Bi Mwanakombo akamwambia roboti, kwa upole. "Na huko tunakwenda sote?"

Nikamkimbilia. "Shangazi, tuwie radhi. Taa za humu ni nyingi. Labda zizimwe kidogo, na wewe ujitande kanga."

Akanitazama. "Watu wakae gizani, nami nifiche gauni langu, kwa ajili ya sinia? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Rekebisheni jicho lenu, harusi ya watu iacheni."

Niliona haya, mwanangu, ila haya nyengine ni dawa. Tukamsimamisha roboti, tukajibanza nyuma ya pazia na kompyuta. Kumbe nilikuwa nimeifungua kamera ipokee mwanga mwingi, nikidhani aonaye vingi ndiye aonaye vizuri. Tukaupunguza mwanga unaoingia kamerani, tukaupunguza tena, mpaka picha ya ukumbi ikawa nyeusi, mng'aro wa gauni ukafa, ikabaki taa yetu peke yake.

Tukamwachia. Akapita katikati ya wageni, akampita Bi Mwanakombo bila kumgeukia, akaenda kusimama mbele ya biharusi.

"Leo nshazeeka," Bi Mwanakombo akasema. "Hata kidude hiki hakinitaki tena."

Basi nakuusia. Kazi yako ikikwama mbele za watu, usiwatake wao wabadilike. Itazame kazi kwanza. Na ukitaka kukifikia kitu kimoja, kubali kutoviona vingine kwa muda, maana mshika mawili moja humponyoka. Mola akujaalie jicho tulivu, na jamaa wa kukwambia ukweli huku wanacheka. Amin.